Kitufe cha Mama na Kofia ya Suhail

Kikwajuni, Unguja
Jumamosi, 23 Agosti 2025
Asubuhi: mawingu mepesi, kusi inavuma, baridi ya kutaka shuka. Mvua hakuna.

Mpendwa Dada Shemsa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naanza kwa kukuuliza hali, wewe na shemeji Nahodha na mwanao Suhail, bwana harusi wetu. Goti lako vipi? Simu ya mwisho ulisema linakuuma ukipanda ngazi za nyumba mpya. Mafuta ya mkaratusi niliyokupelekea wakati ule yamekufaa, au umeyaweka kabatini kama yale ya mwaka jana? Na joto la Maskati limepungua? Sisi huku tunajifunika mpaka kichwa, Bi Badria jirani anavaa soksi.

Mimi sijambo, alhamdulillah. Bado nawachapia majirani barua zao za maombi, na bado naandika shajara yangu kila siku. Najua utacheka. Ulizoea kuniita karani asiye na ofisi. Safari hii ukarani wangu umefaa, utaona.

Mama naye hajambo kwa kadiri yake. Habari zake ni ndefu, maana barua yote hii ni yake. Lakini kwanza nakuomba jambo moja, nisije nikalisema mwisho ukawa umeshachelewa: ile kofia ya mashine uliyosema utamnunulia Suhail, usiinunue. Kama umeshainunua, iweke, ataivaa siku nyingine. Sasa kaa vizuri nikueleze.

Unakumbuka simu yako ya tarehe 2 Agosti. Ilikuwa baada ya alasiri, nikaweka sauti ya nje ili Mama naye akusikie. Ukasema kwa wema wako kwamba tusimhangaishe na kofia, mkono wake ulishafanya kazi ya kutosha, utanunua ya mashine na siku hizi zinapendeza. Sikulaumu hata kidogo, dada. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Mama akasema, "Haya." Sote wawili tukadhani karidhika.

Lakini hiyo "haya" ya Mama inataka maelezo, nawe hujamwona tangu augue. Tangu Mei alipopatwa na kiharusi, mkono wa kulia na mguu wake vimelala, na ulimi umebaki na neno moja tu. Uji? Haya. Umeshiba? Haya. Nikugeuze huku? Haya. Nikuache? Haya. Daktari alituambia akili yake ni timamu, anasikia na kuelewa kila kitu, ila njia ya kutokea maneno ndiyo iliyoziba. Sisi tukawa tunachukua kila "haya" kuwa ndiyo, kwa sababu ndiyo ni rahisi kwa mwenye kuuguza.

Usiku wa siku ile hakulala. Niliona vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya shuka: vitatu mbele, kimoja nyuma, kituo. Vitatu mbele, kimoja nyuma, kituo. Nikadhani ni ugonjwa. Usiku wa pili vilevile, macho yako wazi. Usiku wa tatu nikakaa nikavitazama kwa makini, nikaelewa. Mama alikuwa anahesabu vitobo. Alikuwa anamshonea Suhail kofia juu ya shuka.

Wewe unaijua kofia ya nyumba yetu kuliko mimi, uliyelelewa na Mama tangu marehemu mama yako alipotutoka na ukakaa miguuni pake na sindano. Mimi mkono wangu haukuwa wa sindano. Najua tu kwamba mchoro wake unaitwa kikuba, kwa sababu katikati kuna umbo kama kikuba cha asumini, kile kishada cha maua wanachovaa wanawake, na kwamba Bibi ndiye aliyeubuni. Najua pia kwamba haukuwahi kuwekwa kwenye karatasi. Mama alikuwa akichukua penseli, akichora moja kwa moja juu ya bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia, akitoboa vitobo vya kuzungushiwa uzi, basi. Na kila bwana harusi alimbadilishia kidogo, kwa hiyo hata kuinakili kofia ya harusi ya Kaka Ubwa kusingesaidia kitu. Ile ni ya Ubwa. Ya Suhail ilikuwa kichwani mwa Mama peke yake, imefungiwa humo na neno moja mlangoni.

Nikampigia Bashira, yule mwanafunzi wake wa sindano aliyeolewa Bwejuu. Akanijibu wazi: "Da Faiza, mie mkono nnao, mchoro sina. Na kama harusi ni Disemba, bila ya kuanza mwisho wa mwezi huu siwahi. Kofia ya mkono haitaki papara."

Basi nikaanza kutafuta njia ya kuutoa mchoro. Nilimpa Mama penseli mkono wa kushoto, ikamponyoka. Nikachukua daftari la hesabu lenye miraba, nikawa namwonyesha mraba mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu. Hapa pana kitobo? Haya. Hapa? Haya. Na hapa? Haya. Ukurasa mzima ukawa vitobo vitupu kama chujio, na Mama akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo nilipoifikiria kompyuta ile ya mpakato uliyomkabidhi Suhail atuletee mwaka juzi. Ina programu ya kuchorea miraba: ukibonyeza kitufe cha kipanya, mraba unaingia weusi, ukibonyeza tena, weusi unafutika. Nikamwekea Mama kipanya chini ya mkono wake. Vidole havikutii. Kiganja kikakisukuma kipanya chote, na mshale ukakimbilia pembeni ya skrini. Lakini niliona jambo moja nikaliandika: Mama anaweza kukandamiza. Kiganja kizima, chini, kama anayelainisha donge la unga. Kumbe alichokosa ni kitufe kikubwa.

Nilikwenda kwa fundi Shaame, anayetengeneza redio na simu kule Ng'ambo. Nikamweleza. Akachukua kipanya kibovu kutoka kwenye sanduku lake la vikorokoro, akakifungua mbele yangu.

"Da Faiza, wewe unakiogopa hiki? Ndani yake mna kibonyezo tu. Kinagusanisha waya huu na huu. Ukizigusanisha wewe kwa kijiko cha chai, kompyuta haijui tofauti."

"Basi vitufe vikubwa vya wagonjwa vinauzwa wapi?"

"Vipo, huko nje. Bei yake sikutajii, utavunjika moyo bure. Nenda katengeneze. Una kopo la siagi nyumbani? Una sponji? Umemaliza."

Akalehemu waya mbili za hedifoni mbovu kwenye kibonyezo cha kushoto, akazitoa nje kupitia tundu, akanichorea nyuma ya bahasha namna ya kufanya. Nilipouliza bei akasema atakuja kula pilau la harusi. Nikamwambia pilau liko Maskati. Akasema, "Basi nitalinusa, kusi ikigeuka."

Sasa sikiliza, dada, maana hapa ndipo nilipopata utamu ambao sijaupata tangu nimalize shule. Tarehe 7 Agosti nilikaa sakafuni jikoni nikatandaza vitu vyangu. Mfuniko wa kopo la siagi. Boksi tupu la majani ya chai, nikakata duara mbili. Foili iliyobaki kwenye keki za Idi, nikaivisha kila duara upande mmoja. Sponji nikaikata kama pete, yaani katikati wazi. Ncha ya waya mmoja nikaibandika kwenye foili ya juu kwa gundi ya karatasi, wa pili kwenye foili ya chini. Pete ya sponji ikakaa kati kuzitenganisha, na mfuniko nikaubandika juu ya vyote, Mama apate pa kuweka kiganja. Ukikandamiza, sponji inabonyea, foili zinabusiana kupitia tundu la katikati, kompyuta inasikia. Ukiachia, sponji inainuka. Ndiyo yote. Jambo dogo hivyo!

Kitufe cha kwanza hakikufaa. Nilipochomeka tu, miraba ikaanza kujijaza yenyewe, mmoja juu ya mwingine, bila ya mtu kugusa. Nilikata ile sponji ya kuoshea vyombo nikaikamua, nikadhani imekauka. Kumbe maji ya sabuni nayo hupitisha umeme. Nikanunua sponji mpya. Cha pili hakikulia kabisa: sponji ilikuwa nene, kiganja cha Mama hakikuifikisha chini. Nikaipasua kwa wembe, unene wa biskuti. Nikakandamiza.

Tiki!

Nilipiga kelele. Bi Badria akauliza kutoka dirishani kwake, "Faiza, umeona nyoka?"

"Bi Badria, kitufe kimelia!"

"Mwanangu, kunywa maji ukalale."

Kilichobaki ni kusogeza mshale. Nilichomeka vipanya viwili kwa pamoja, nikaona kompyuta imevikubali vyote, jambo ambalo sikulijua. Kile kilichofanyiwa upasuaji nimekifunga juu ya kibao kisitikisike, kazi yake ni kitufe cha Mama tu. Cha pili ni changu, nakitembeza juu ya jalada la daftari kuukuu, maana juu ya kioo cha meza hakioni njia. Mimi nausogeza mshale, mraba kwa mraba. Mama anaamua. Mimi ni kidole cha kuonyesha, yeye ndiye sindano.

Na hapa, dada, nakuungamia kosa langu, na naomba usimsimulie shemeji.

Kompyuta ile ikikaa juu ya godoro inashika moto na kujizima. Nilihitaji cha kuiinua, hewa ipite chini, na skrini imwelekee Mama alivyoegemea mto. Nikatazama huku na huku chumbani. Nikaiona marufaa ya marehemu Baba, ile ya mti wa msaji aliyokuwa akiwekea msahafu. Msahafu wenyewe tuliuhamishia kwenye shubaka tangu Mama augue, marufaa ilikuwa tupu pembeni. Nikaifungua, nikaweka kompyuta. Ikakaa kama iliyochongewa! Nilifurahi hata nikaichora kwenye shajara.

Mama akafumba macho.

Nikamwambia, Mama, tuanze. "Haya." Macho kayafumba. Nikamwekea mkono juu ya kitufe, akauondoa. Mama, umechoka? "Haya." Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Shajara yangu imeandika mara tatu mfululizo, tarehe 9, 10 na 11: "Mama kachoka, hataki." Nilianza kukata tamaa. Nilisema labda wewe ndiye uliyekuwa na haki, tununue ya mashine tumpumzishe.

Tarehe 12 asubuhi Bi Badria akaja na mikate ya mofa.

"Hodi!"

"Karibu Bi Badria, shikamoo."

"Marahaba. Mgonjwa wetu kaamkaje…" Akasimama pale pale mlangoni. "Faiza! Ile si marufaa ya baba yako?"

"Naam."

"Ya msahafu?"

"Naam, lakini…"

"Lakini nini, mwanangu? Hiyo kompyuta yenu si ndiyo mnayotazamia filamu na taarabu? Unaiweka mahali pa Qur'ani, halafu unataka mama yako afumbue macho aitazame?"

Nikageuka kumtazama Mama. Macho yake yalikuwa wazi, yamemkodolea Bi Badria, na machozi yanateremka. Siku tatu, dada! Siku tatu nilikuwa namtesa kwa jambo ambalo hata mtoto wa chuo cha Qur'ani angeliona, na yeye hana ila "haya" ya kunikanya. Uso ulinishuka. Niliitoa kompyuta, nikaifuta marufaa, nikaurudisha msahafu juu yake, nikambusu Mama mkono nikamwomba radhi. "Haya," akasema. Hiyo ilikuwa haya ya kweli, niliijua kwa macho.

Bi Badria hakungoja. Aliingia jikoni mwangu bila kuuliza akatoka na mbuzi ya kukunia nazi. Akaikita juu ya godoro, akaikandamiza kwa mkono kuona kama imetulia.

"Weka mashine yako hapa."

Tukauzungushia ulimi wake wa chuma kipande cha kanga kuukuu tukaufunga kwa uzi, nikaiweka kompyuta juu ya kikalio. Hewa inapita chini, skrini imemwelekea Mama. Mama akaitazama mbuzi yake. Akaitazama kompyuta. Kisha akacheka. Wallahi, Dada Shemsa, alicheka, mdomo umekwenda upande mmoja na sauti imetoka yote, mara ya kwanza tangu Mei.

"Ehe, cheka, Mwatum," Bi Badria akamwambia Mama. "Mbuzi yako umri wote imekuna nazi, leo inakuna kompyuta. Na wewe Faiza, mchuzi wa leo utaupikia nini?"

"Leo chukuchuku, Bi Badria, bila nazi."

"Chukuchuku wiki nzima, maana naona hii haishuki hapa."

Na kweli haijashuka. Tumekula chukuchuku siku kumi na moja, na tunashukuru.

Siku ile ile, saa nne asubuhi, Mama aliweka kitobo cha kwanza. Nikasogeza mshale kwenye mraba wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, tiki. Alipouona mraba umeingia weusi kwa mkono wake mwenyewe, alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akanitazama kwa jicho lile lile la zamani, lile lililosema "unangoja nini?" Basi tukaenda. Vitatu mbele, kimoja nyuma, kituo. Ule ule mwendo wa vidole juu ya shuka. Nikikosea mstari ananingoja, hagusi kitu, mpaka nirudi mahali pake. Akikosea mwenyewe, anabonyeza tena na kufuta. Dada, ni mkali kwenye kompyuta kuliko alivyokuwa kwenye bafta!

Na kitufe kimetufunza mengine. Tarehe 15 nilipata fikra nikamwambia: Mama, nikikuuliza jambo, bonyeza kama ndiyo, kaa kimya kama hapana. Unataka uji? Kimya. Maziwa? Kimya. Chai ya tangawizi? Kimya. Nikatania tu, nikasema kahawa? Tiki tiki tiki tiki! Miezi mitatu nimemnywesha uji, naye anasema haya, kumbe roho yake iko kwenye kahawa. Nikamuuliza daktari, akaruhusu kikombe kimoja kidogo asubuhi. Ukimwona anavyokinywa utadhani kapewa cheo.

Tulipata pigo moja. Tarehe 17 usiku umeme ulikatika ghafla, na betri ya kompyuta ilishakufa zamani, ikazimika pale pale. Sikuwa nimehifadhi kazi tangu juzi yake. Ulipowaka, mistari ya siku mbili haikuwapo. Mama alinitazama, nami nikajua anachofikiri: kwamba sasa basi. Nikamwendea na daftari la miraba. Kila jioni nilikuwa nimenakili humo kwa penseli kila kitobo alichokiweka, kwa tabia yangu tu, bila sababu. Nikairudisha mistari yote mbele ya macho yake, naye akawa anakagua. Alipoona haikupungua hata mmoja alinipiga kofi dogo la begani kwa mkono ule wa kushoto. Zamani kofi hilo maana yake ilikuwa "mtoto huyu." Nafikiri bado ndiyo maana yake.

Jana Ijumaa baada ya alasiri tulifika mwisho. Mchoro umo kwenye bahasha hii, nimemwomba fundi Shaame aniprintie nakala mbili. Utazame. Ni kikuba chetu, lakini pembezoni Mama kakizungushia majani madogo madogo ambayo sijayaona kwenye kofia ya mtu mwingine. Haya ni ya Suhail peke yake. Bashira anakuja kesho kuchukua nakala yake aanze. Barua hii nampa Mbarouk, mwana wa Bi Badria, anasafiri kuja Maskati Jumatatu.

Ila kuna jambo linanikera, nalo nakuandikia kwa hofu. Katikati kabisa ya kikuba umebaki mraba mmoja mweupe. Nilifika hapo nikangoja, Mama hakubonyeza. Nikadhani kachoka, nikaujaza mwenyewe. Tiki, akaufuta. Nikaujaza tena. Akaufuta. Mara ya tatu akaufuta na kukigonga kitufe kwa nguvu mpaka mbuzi ikatikisika. Nikamuuliza: mchoro haujakwisha? Kimya. Umekwisha? Tiki. Lakini pana pengo, Mama. "Haya." Usiku kucha hakulala tena, na vidole havitembei sasa: ni kidole kimoja tu kinagonga mahali pamoja juu ya shuka. Naogopa, dada. Kila kitu kiko sawasawa kwa hesabu, pande zote nne, isipokuwa pale. Je, kumbukumbu ilifika hapo ikakatika? Sijui nimwambie nini Bashira kesho.

Naiacha barua kidogo, adhuhuri imeadhiniwa.

Nimerudi. Dada Shemsa, nimerudi na sijui nianzie wapi!

Nilipokuwa natoka kwenye mswala nilifikiri: siku ya kofia ya Kaka Ubwa nilikuwapo, na siku niliyokuwapo nimeiandika. Nikapanda juu ya kiti nikateremsha sanduku la shajara za zamani, nikaitafuta ya mwaka wa harusi yake. Nakunakilia kama ilivyo, na usicheke hati:

"Ijumaa, 9 Desemba 2011. Mvua asubuhi, jua mchana. Bashira kaleta kofia ya Kaka Ubwa. Imekamilika ila kitobo kimoja katikati. Mama kasema hicho huachiwa mama wa bwana harusi. Kasoma Fatiha, kakishona, kamvisha. Kasema Bibi ndivyo alivyofanya."

Niliandika kwa mkono wangu, dada, nikasahau! Miaka yote hiyo imelala kwenye sanduku. Na mimi hapa nahofia akili ya Mama.

Nilikwenda mbio chumbani na shajara mkononi. Nikakaa kitandani. Nikauweka mshale juu ya ule mraba mweupe, nikamwambia, "Mama, hiki si kosa."

Kimya, kwa sababu hilo halikuwa swali. Akanitazama tu.

"Mama, hiki ni cha Da Shemsa?"

Tiki.

Mraba ukaingia weusi, maana nilisahau kuuondoa mshale pale. Mama akaharakisha kuufuta. Tukacheka wote wawili. Kisha nikausogeza mshale mbali, nikamuuliza tena kwa raha yangu tu: cha Da Shemsa? Tiki. Ashone yeye, huko huko Maskati? Tiki. Hata kama goti linamuuma? Tiki tiki tiki.

Sasa umeelewa kwa nini hakulala tangu simu yako. Wewe ulitaka kumpunguzia kazi, naye alikuwa anakuwekea nafasi yako. Kofia ya mashine haina tundu la mama, dada. Imeshajaa inapotoka dukani.

Kwa hiyo nakuomba mawili. Kwanza, chukua uzi, uzungushe kichwa cha Suhail juu ya masikio, upime, unipigie mara barua hii ikikufikia, nimpe Bashira kipimo kabla hajafika mbali. Pili, tafuta sindano yako. Kofia itakufikia mwisho wa Novemba, mkono wa mtu nitakayemwamini, imekamilika ila hapo. Uzi mweupe nitauambatisha mimi, ni katika kibunda cha Mama mwenyewe. Na siku utakayokishona, tupigie simu ya picha. Tutaweka kompyuta juu ya mbuzi, na Mama atakujibu kwa kitufe chake. Usimuulize jambo la kujibiwa kwa maneno. Muulize la ndiyo au hapana, na usiogope akikaa kimya: kimya chake siku hizi kina maana.

Nisalimie shemeji Nahodha sana. Mwambie Suhail kwamba fundi Shaame wa Ng'ambo anadai harufu ya pilau. Kaka Ubwa na mkewe Rukaiya wanakusalimu kutoka Pemba. Bi Badria anakusalimu na anasema mbuzi ikiharibika ataidai kwako. Bashira naye anakuamkia.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya goti na ya macho, akutilie nuru mkononi siku ya kukishika kitambaa kile, aibariki ndoa ya Suhail iwe ya kheri na kizazi chema, na atukutanishe tukiwa hai. Amin.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Faiza

Nimeifungua tena bahasha kuongeza hili, maana nimeliandika kwenye shajara na wewe unastahili kulijua katika barua hii hii. Nilikuwa nimekaa naye nikiisoma barua kwa sauti, kila nikifika jina lako anabonyeza. Nilipofika kwenye salamu nikaona kitufe kimenyamaza. Mkono umekaa juu ya mfuniko wa siagi, vidole vimetulia, hakuna kinachohesabu. Saa tisa kasorobo mchana, Mama kalala, anakoroma taratibu.